Kuzuru Thimlich Ohinga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa kila aina: walimu wanaopanga safari za wanafunzi, vijana wa Kisumu wanaotafuta pa kwenda Jumamosi, ndugu zetu wa Mwanza na Musoma wanaovuka mpaka, na hata wenyeji wa Migori ambao wamesikia jina hili tangu utotoni lakini hawajawahi kufika. Nimeyajibu kwa kirefu pale ninapoona mgeni asipoelezwa atarudi nyumbani akisema aliona mawe tu.

Thimlich Ohinga ni nini hasa?

Ni maboma ya kale ya mawe yaliyojengwa juu ya mwinuko, katikati ya vichaka na miti, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Kuta zake zimepangwa kwa mawe matupu, bila saruji, bila chokaa, bila hata udongo wa kushikiza. Inakadiriwa yalijengwa karne ya 16. Watu waliishi humo na mifugo yao, kizazi baada ya kizazi. Si kaburi la mfalme wala hekalu. Ni makazi ya watu wa kawaida waliotaka kulala wakiwa salama, na kwangu hilo ndilo linaloyapa uzito.

Katika eneo zima la mashariki ya ziwa, watafiti walihesabu sehemu 138 zenye jumla ya maboma 521 ya namna hii. Thimlich ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo iliyohifadhika vizuri zaidi.

Iko wapi?

Kaunti ya Migori, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, karibu na mpaka wa Kaunti ya Homa Bay. Ziwa lenyewe haliko mbali, lakini usije ukidhani utashuka kwenye mtumbwi na kupanda kilima moja kwa moja. Kutoka ufuoni Karungu au Sori bado kuna safari ya barabara.

Nikitokea Kisumu au Homa Bay napitia wapi?

Kutoka Kisumu njoo kwanza Homa Bay. Kutoka Homa Bay shika barabara ya Rodi Kopany, kisha Ndhiwa, kisha Mirogi, na kutoka hapo uliza. Watu wa njia hiyo wanapajua, na mtu wa bodaboda atakupeleka hadi langoni. Kwa gari dogo panga kama kilomita 60 kutoka Homa Bay, na usiipime safari hiyo kwa kasi ya lami. Sehemu ya mwisho ni murram, yaani changarawe nyekundu isiyo na lami, na mvua ikinyesha inataka subira na dereva anayeijua.

Na kutoka Migori mjini?

Kuna matatu za kuelekea Macalder. Ukishuka huko, tafuta bodaboda na mpatane bei ya kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kukusubiri. Patana kabla hujapanda. Usimwachie aondoke ukitumaini utapata mwingine jioni, kwa sababu pale juu si stendi.

Macalder yenyewe ina historia yake. Palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uliofungwa miaka ya 1960, na hadi leo wachimbaji wadogo wanatafuta dhahabu sehemu mbalimbali za eneo hilo la Nyatike. Ukitembea kwa miguu nje ya njia, angalia mashimo.

Natoka Mwanza. Je, inafaa kuja na kurudi siku moja?

Hapana, usijitese. Basi la Mwanza kwenda Sirari hupitia Magu, Lamadi, Bunda na Tarime, na hiyo peke yake inakula sehemu kubwa ya siku. Vuka mpaka Sirari, uingie Isebania, halafu upande matatu ya Migori. Lala Migori, na asubuhi yake panda Thimlich ukiwa na nguvu. Beba hati yako ya kusafiria, badilisha shilingi za kutosha mpakani, na ukumbuke kwamba huku kwetu karibu kila kitu hulipwa kwa M-Pesa, ingawa mtu wa bodaboda hakatai noti.

Kiingilio ni kiasi gani?

Eneo linasimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na ada hutofautiana kwa raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali, watu wazima na watoto. Bei hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo itazame kwenye mtandao wa Makumbusho siku chache kabla ya safari. Malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya. Fungua akaunti yako ukiwa mjini, si ukiwa umesimama langoni unahangaika na simu.

Je, ninahitaji mwongozaji?

Ndiyo. Hata kama umesoma vitabu vyote, mchukue mwongozaji. Bila yeye utapita juu ya kishimo kidogo ardhini bila kujua kwamba umepita sebuleni kwa mtu. Ukiridhika, mwachie kitu.

Nani aliyajenga maboma haya?

Hapa watu hupenda jibu fupi, nami silitoi, kwa sababu jibu fupi ni la uongo. Waluo wamekaa hapa kwa vizazi vingi na jina la mahali ni la Kidholuo: msitu mnene unaotisha, na ngome. Lakini simulizi za wazee na kazi ya wanaakiolojia zinaonyesha kwamba watu walikuwapo kabla ya Waluo kufika, wakiwamo wasemaji wa lugha za Kibantu, na kwamba maboma yalipokezanwa. Kundi moja lilihama, lingine likaingia, likatengeneza palipobomoka, likaongeza ukuta wake. Ndiyo maana nasikitika ninapowasikia watu wakigombania nani mwenye Thimlich. Kuta hizi zimedumu kwa sababu kila aliyekuja alizitunza, hata kama hakuzianzisha yeye.

Kuta zinasimamaje bila saruji?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ningekuomba usiondoke kilimani kabla hujalielewa ukiwa umesimama mbele ya ukuta wenyewe.

Mawe ya pale hayakuchongwa. Ni mawe ya eneo hilohilo, yenye maumbo ya kila namna: bapa, marefu, ya mviringo, yenye pembe. Fundi hakuwa na jiwe lililo sawa na lingine. Kwa hiyo hakuweza kujenga kama tunavyopanga matofali leo, mstari juu ya mstari. Alichofanya ni kujenga nyuso mbili kwa wakati mmoja: uso wa nje na uso wa ndani, kila mmoja umepangwa kwa mawe makubwa yaliyoumana. Katikati ya nyuso hizo mbili akajaza mawe madogo, akiyashindilia hadi yakazifunga pande zote mbili ziwe ukuta mmoja. Ukipata mahali ambapo ukuta umefunguka kidogo, utaziona tabaka hizo tatu waziwazi.

Kisha tazama mkondo wa ukuta. Hutakuta kona kali ya nyuzi tisini. Ukuta unapinda, unajikunja, unarudi. Mpindo huo si urembo tu. Ukuta ulionyooka ukisukumwa huanguka mzima, lakini uliopinda hujibeba wenyewe. Penye udhaifu waliongeza mawe ya kuegemeza kwa nje. Sehemu ya chini waliacha matundu ya kupitishia maji, ili mvua ya masika isijikusanye ndani ya boma na kuulegeza msingi.

Urefu wa kuta ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wake ni mita 1 hadi 3. Simama karibu na ukuta wa boma kubwa, uweke kiganja chako kwenye uso wake bila kusukuma, uone jinsi jiwe dogo lilivyochaguliwa kujaza nafasi ambayo hakuna jiwe lingine lingeitosha. Kuna mtu aliligeuza jiwe hilo mkononi mwake mara nyingi kabla hajaliweka. Hatujui jina lake, lakini kazi yake imesimama kwa karne nyingi, nasi leo tunajenga nyumba kwa saruji na nondo zinaanza kupasuka kabla watoto hawajamaliza shule.

Kwa nini milango ni midogo na mifupi?

Kwa makusudi. Lango lina bamba la jiwe juu yake, na mtu mzima hulazimika kuinama ili apite. Adui akiinama, kichwa chake ndicho kinachotangulia, naye hana namna ya kuinua silaha. Karibu na lango la boma kubwa palikuwa na mahali palipoinuliwa kwa ajili ya mlinzi. Wezi wa ng'ombe na wanyama wakali walikuwa hatari za kila usiku, na mali yote ya familia ilikuwa na miguu minne.

Nawe ukiinama, inama taratibu na usijishike kwenye mawe ya pembeni.

Ndani nitaona nini? Kuna nyumba?

Nyumba hazipo, kwa sababu zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Zilizobaki ni alama zake: vishimo vya mviringo ardhini, vijia vyembamba kati ya kuta, na mazizi madogo ndani ya boma kubwa. Yako maboma manne makuu, Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch, na majina hayo yanatokana na watu wa mwisho kukaa humo. Kochieng ndilo kubwa, na wengi huishia hapo. Usiishie hapo. Nenda yote manne, kwa sababu kila moja lina mtindo wake.

Ukiwa Kochieng, omba uonyeshwe mambo mawili. La kwanza ni vishimo vya bao vilivyochimbwa kwenye mwamba. Mchezo huo Waluo huuita ajua. Watu waliokaa wakilinda ng'ombe mchana kutwa walihitaji burudani, na mimi sijaona kitu kinachonileta karibu na watu wale kuliko vishimo hivyo. La pili ni mahali pa wahunzi, nje ya kuta za boma, palipokuwa na kazi ya chuma. Moto na cheche haviwekwi karibu na nyumba za nyasi.

Wachimbaji wa kitaalamu wamepata pale vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, mifupa ya wanyamapori, na shanga za kioo. Hebu zifikirie shanga hizo. Kioo hakikutengenezwa huku. Zilitoka mbali, zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wengi, hadi zikafika shingoni mwa mtu aliyeishi juu ya kilima hiki karibu na ziwa. Mtu anayesema bara lilikuwa limejifungia hadi wageni walipokuja na aje atazame.

Nina asili ya Nyanza. Je, kuna kitu nitakachokitambua?

Kama ulikulia kwenye dala, yaani boma la familia ya Kiluo, utajikuta unaijua njia kabla mwongozaji hajasema. Lango ni moja na linajulikana. Zizi liko pale ambapo macho ya wote yanaliona. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazamana na lango, na simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, ziko karibu na lango, wao wakiwa wa kwanza kuamka kukitokea la kutokea. Mpangilio huo unaonekana katika maboma haya, na babu zetu waliuendeleza hata walipoacha mawe na kuanza kuzungushia ua wa miti. Mti wenye matawi kama kinara cha mishumaa unaouona kila upande ni bondo, na ndio uliokuja kuwa ukuta baada ya mawe.

Je, ni kama Zimbabwe Kuu?

Ni ndugu kwa ufundi wa kujenga bila kiunganishi, lakini si pacha. Kule Zimbabwe mawe mengi ni ya itale iliyochongwa na kupangwa kwa safu zilizonyooka, ukuta mkubwa unafika mita 11, na palikuwa makao ya utawala. Huku mawe hayakuchongwa, kuta zina tabaka tatu nilizozieleza, na hakuna dalili ya mfalme. Kila mmoja ana ukuu wake. Usije ukitarajia urefu ule. Njoo uone akili ya kupanga mawe yasiyolingana.

Naweza kupanda juu ya ukuta nipige picha?

Hapana. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu katazo bila sababu halishiki.

Ukuta huu hauna gundi. Kila jiwe limeshikwa na uzito wa lililo juu yake na lililo kando yake. Ukikanyaga jiwe la juu, uzito wako unasukuma pembeni, wakati ukuta ulijengwa kubeba uzito wa kushuka chini. Jiwe moja likisogea hata kidogo tu, mawe madogo ya katikati huanza kushuka na kujaza nafasi iliyoachwa. Mvua ya kwanza hupenya, mizizi hufuata. Unaweza kushuka, ukaondoka salama na picha yako nzuri, halafu miezi baadaye ukuta ukatoka tumbo mahali pale na kuporomoka. Hutajua kamwe kwamba ni wewe.

Hili si jambo la kuwaza tu. Mwaka 2000 eneo hili liliwekwa kwenye orodha ya dunia ya majengo na maeneo ya kale yaliyo hatarini. Sehemu zilizoporomoka zimerudishwa kwa kazi ngumu ya mikono, jiwe kwa jiwe. Picha nzuri zinapatikana ukiwa umesimama chini, jua likiwa limelala, saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, vivuli vinapoingia kati ya mawe. Wazazi, shikeni watoto mikono. Walimu, waambieni wanafunzi hili kabla basi halijasimama, si baada.

Nimeona jiwe limeanguka chini. Nilirudishe?

Liache lilipo na umwonyeshe mwongozaji. Mahali lilipoangukia ndipo pa kuwaonyesha mafundi lilikotoka.

Nikiokota kigae au shanga?

Usiokote. Kigae kikiwa pale kilipolala kinasema kitu kuhusu nyumba iliyokuwapo. Kikiwa kwenye kabati lako la Nairobi hakisemi chochote. Zaidi ya hayo, sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa inayalinda mambo haya, na kuondoa kitu cha kale ni kosa.

Watu waliondoka lini, na kwa nini?

Hawakufukuzwa siku moja. Maboma ya aina hii yaliendelea kutumika katika ukanda wa ziwa hadi kati ya karne ya 20. Vita vya koo na wizi wa mifugo vilipopungua, watu hawakuwa na haja ya kubanana nyuma ya ukuta. Familia zikatawanyika kwenye mashamba yao, kila mtu na dala lake. Hao ndio majirani utakaowaona ukipita njiani, wakilima na kuchunga. Wasalimie. Ukitaka kuwapiga picha, omba kwanza.

Kuwa urithi wa dunia kunamaanisha nini?

Mwaka 2018, katika kikao cha UNESCO kilichofanyika Manama, Bahrain, Thimlich Ohinga iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, ikajiunga na Mji wa Kale wa Lamu, ngome ya Fort Jesus ya Mombasa na Kaya za Mijikenda, misitu mitakatifu ya pwani. Hadhi hiyo inaitaka serikali iitunze kwa viwango vinavyokubalika na itoe taarifa ya hali yake. Haileti barabara ya lami peke yake. Kinacholeta barabara, ajira kwa vijana wa hapa na fedha za kukarabati kuta ni watu kuja, kulipa na kurudi kuwaambia wengine.

Ni wakati gani mzuri wa kuja?

Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, na za vuli huanza Oktoba. Wakati wa mvua mawe huteleza na njia huwa mbaya. Siku yoyote ile, fika asubuhi. Jua la saa saba huku halina huruma.

Nivae na nibebe nini?

Viatu vilivyofunika mguu, suruali ndefu kwa sababu ya miiba na nyoka, na kofia. Maji ya kutosha, zaidi ya unavyodhani utahitaji, na chakula chako. Takataka rudi nazo.

Wazee na watoto wadogo wataweza?

Watoto wataweza na watafurahi. Mteremko si mkali. Mzee mwenye magoti mazima ataweza pia, akienda polepole na fimbo yake, ila milango ya kuinama itamsumbua. Mwombe mwongozaji achague njia yenye nafasi.

Nitenge muda gani?

Nusu siku kwa maboma yote manne. Ukiwa na wanafunzi, siku nzima. Wape kazi ya kuchora ukuta kwa penseli. Mtoto anayechora jiwe moja moja hujifunza kuliko anayesikiliza hotuba.

Nikitoka hapo niende wapi?

Kama una gari na siku ya pili, nenda Hifadhi ya Taifa ya Ruma kwenye bonde la Lambwe, mahali pekee Kenya ambapo bado kuna korongo, wale paa wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma. Vaa nguo zisizo za buluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o huzipenda rangi hizo. Kutoka hapo unaweza kufika Mbita na kuvuka daraja kuingia Rusinga, alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya.

Kama huna muda huo, shuka Sori kwenye ghuba ya Karungu ule ngege, yaani sato, wa kukaanga na ugali, au omena, ambao watu wa Mwanza watawatambua kuwa ni dagaa wao. Mpigie dereva mapema. Matatu za kurudi Migori hupungua jua likizama, na ni vyema uwe umeshapata kiti kabla ya hapo.